Kurudisha ndege adimu porini: jinsi ya kupanga kwa modeli inayosoma ramani

Maswali yanayonifikia ni yaleyale. Nianzie wapi? Nitumie programu gani? Niachie ndege wangapi, na wapi? Wanaouliza ni wanafunzi wa uhifadhi, maafisa vijana wa wanyamapori, na mara nyingine watu wa vijiji vinavyopakana na hifadhi ambao wamesikia kwamba ndege wao wa zamani huenda wakarudishwa. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja. Leo nayaweka majibu yote mahali pamoja, kwa mpangilio wa hatua, ili uweze kukaa mbele ya kompyuta na kufanya.

Modeli ninayoizungumzia ni hesabu inayomfuata ndege mmoja mmoja, mwaka baada ya mwaka: anazaliwa, anahama, anatafuta mwenzi, anazaa, anakufa. Kinachoitofautisha na hesabu ya kawaida ni ramani. Mahali alipo ndege ndipo panapoamua yatakayompata.

Nitatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kondori wa California, ndege wa jamaa ya tumbusi wa Amerika, mwenye mabawa yanayokaribia mita 3 toka ncha hadi ncha. Mwaka 1982 walikuwa wamebaki 22. Mwaka 1987 wa mwisho porini alikamatwa, na dunia nzima ikawa na kondori 27, wote vizimbani. Kuachiwa kulianza 1992, na leo wamepita 500, zaidi ya nusu yao wakiwa huru. Nimemchagua kwa sababu anazaa polepole mno, na ndege wa namna hiyo hakusamehe ukikosea hesabu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Kompyuta ya kawaida. Ukitaka kutumia HexSim, moja ya programu za modeli nitakazozitaja hapa chini, iwe ya Windows.
- QGIS, ya kutengenezea ramani. Ni ya bure.
- Excel au LibreOffice, ya hesabu ya kwanza.
- Programu moja ya modeli. HexSim na RangeShifter zinafuata ndege mmoja mmoja juu ya ramani. Vortex ni nyepesi zaidi: inahesabu makundi machache yaliyotengana na uhamaji kati yao. Zote tatu hazilipiwi.
- Namba za maisha ya ndege wako: anaanza kuzaa na umri gani, mayai mangapi, kila baada ya muda gani, makinda wangapi wanafika kuruka, na wangapi kati ya 100 wanaishi hadi mwaka unaofuata katika kila umri.
- Ramani za eneo: uoto, miinuko, maji, vijiji, barabara, nyaya za umeme.
- Watu wawili wa kuwapigia simu: mmoja anayemjua ndege, mwingine anayeijua ardhi. Huyu wa pili ndiye wanaoanza humsahau.
- Daftari. Kila namba utakayoiingiza, andika ilikotoka na tarehe. Baada ya miezi mitatu hutakumbuka kwa nini uliandika 0.90.

Hatua ya 1: Andika swali kwa sentensi moja

"Nataka kujenga modeli ya kondori" halijawa swali. Swali ni hili: "Kati ya maeneo haya matatu, ni lipi ambalo ndege 40 wakiachiwa kwa miaka 7 watafikisha idadi inayojiendesha bila kuongezewa?" Swali lenye maeneo, idadi na muda ndilo litakalokuambia ramani iwe kubwa kiasi gani na modeli iende miaka mingapi.

Chini ya sentensi hiyo andika nyingine: ndege hawa walitoweka kwa sababu gani, na sababu hiyo imeondoka? Miongozo ya mwaka 2013 ya IUCN, umoja wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, kuhusu kurudisha viumbe inadai hilo lijibiwe. Ukishindwa kulijibu, usiendelee na hatua ya pili. Nenda kwanza ukaulize.

Hatua ya 2: Fanya hesabu ya mkono kwanza

Usifungue programu ya modeli bado. Fungua Excel.

Kondori anataga yai moja. Akifanikiwa kulea, kwa kawaida hupita miaka miwili kabla ya yai lingine, na kinda hukaa kiotani karibu miezi sita. Huanza kuzaa akiwa na miaka sita au zaidi. Sasa tuweke namba za mazoezi. Nasisitiza kwamba ni za mazoezi. Za ndege wako utazitafuta mwenyewe.

- Kila jozi hutaga yai moja kila miaka miwili: 0.5 kwa mwaka.
- Kati ya mayai 10, makinda 6 wanaruka: 0.5 × 0.6 = 0.3.
- Nusu yao ni majike: 0.15 kwa kila jike kwa mwaka.
- Mwaka wa kwanza wanaishi 80 kati ya 100. Miaka mitano inayofuata wanaishi 90 kati ya 100 kila mwaka. Wanaofika umri wa kuzaa ni 0.8 × 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9 = 0.47.

Zidisha 0.15 kwa 0.47, unapata 0.07. Maana yake kila mwaka, kwa kila majike 100 wakubwa, wanaingia 7 wapya. Ili idadi isishuke, wakubwa wasife zaidi ya 7 kati ya 100 kwa mwaka. Wakifa 10, kundi linakwisha, hata msitu uwe mzuri namna gani.

Endelea kuichezea. Tuseme umefanya miujiza na kila yai linaruka, 10 kati ya 10. Ya 0.15 inakuwa 0.25, na wanaoingia wanakuwa 12 kati ya 100. Basi. Hata kwa miujiza hiyo, vifo vya wakubwa 13 kati ya 100 vinakushinda. Ukipandisha mafanikio ya kiota kutoka 60 hadi 70 kati ya 100, unapata nyongeza ya kama jike 1 kwa kila 100. Ukiokoa wakubwa 2 zaidi kati ya 100, unapata 2. Kazi kubwa ya kulinda viota imezidiwa na vifo viwili vilivyozuiwa.

Nimelikalia hili kwa sababu ndilo moyo wa mwongozo mzima. Ukilielewa kwa kalamu, hutadanganywa na ramani zenye rangi nzuri.

*Tahadhari.* Usichukue namba za ndege wa kizimbani ukaziita za porini. Kizimbani hakuna nyaya za umeme wala sumu.

Hatua ya 3: Tengeneza ramani ya makazi, kwa kazi na si kwa jumla

Kosa la kawaida ni kutengeneza ramani moja yenye "makazi mazuri" na "makazi mabaya". Muulize ndege anafanya nini. Kondori anataga kwenye mapango na vishimo vya majabali, na mara nyingine ndani ya miti mikubwa yenye uwazi. Analala kwenye miti mirefu au miamba. Anakula mizoga kwenye nyika wazi. Watafiti waliopima uwezekano wa kumrudisha katika pwani ya kaskazini-magharibi ya Marekani walitenganisha kazi hizo tatu: ramani ya kutaga, ya kulala, na ya kula. Fanya hivyo hivyo.

Katika QGIS, gawa kila ramani katika madaraja machache, tuseme 0 hadi 3. Usijidai na madaraja 100 wakati takwimu zako za porini ni vituo 40 vya kuonekana kwa ndege.

Weka ramani zote katika mfumo wa mita kabla ya kuzipeleka kwenye modeli. Kwa sehemu kubwa ya Kenya na kwa mashariki ya Tanzania, UTM (mfumo wa ramani unaopima kwa mita) ya kanda ya 37 inafaa. Nalisema kwa uchungu. Siku moja nilikaa na kijana aliyekuwa ameendesha modeli wiki nzima na kila ndege wake anayehama anatokomea nje ya ramani. Tuliangalia kila kitu: umri, vifo, uzazi. Mwisho nikafungua sifa za ramani yake, na ukubwa wa seli, yaani vijumba vidogo vinavyoigawa ramani, ukasomeka 0.01. Ramani ilikuwa katika digrii, umbali wa kuhama ulikuwa katika mita, na programu haikujua tofauti. Wiki nzima ilipotea kwa mstari mmoja.

Hatua ya 4: Tengeneza ramani ya vifo

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo niliyotaka kuiandikia tangu mwanzo.

Katika Kiswahili madini ya risasi na risasi ya bunduki ni neno moja, na katika habari ya kondori ni kitu kimoja. Mwindaji anapiga paa au nguruwe kwa risasi ya madini hayo. Inapopita mwilini inavunjika vipande vidogo mno. Mwindaji anachukua nyama, anaacha matumbo. Kondori anashuka, anakula, anameza vipande. Sumu hiyo ndiyo muuaji mkubwa kuliko wote kati ya vifo vya kondori vilivyojulikana sababu yake porini. California ilipitisha sheria mwaka 2013 ya kuzuia risasi za madini hayo katika uwindaji, nayo ikaanza kutumika kikamilifu Julai 2019. Mpaka leo wahifadhi huwakamata ndege mara kwa mara kuwapima damu na kuwatibu.

Sasa angalia inavyoingia kwenye ramani. Tuseme una sehemu mbili. Kwenye hifadhi, wakubwa 97 kati ya 100 wanaishi hadi mwaka unaofuata. Kwenye ardhi ya uwindaji, 80. Ndege anayetumia asilimia 20 ya muda wake kwenye ardhi ya uwindaji anapata wastani wa 93.6. Kumbuka kizingiti chetu: wasife zaidi ya 7 kati ya 100, yaani waishi 93. Kundi linapanda. Ndege anayetumia asilimia 30 huko anapata 91.9, na kundi linashuka. Ni ndege walewale, na hifadhi ni ileile. Kilichobadilika ni siku tatu katika kila kumi badala ya mbili.

Ndiyo maana ramani ya makazi peke yake hudanganya. Ardhi ya uwindaji ina chakula kingi, kwa hiyo ramani ya kula inaipa daraja la 3, na modeli inawapeleka ndege huko kwa furaha. Mtego uko hapo: mahali pazuri kwa macho ya ndege, pabaya kwa uhai wake.

Kwa hiyo tengeneza ramani nyingine, yenye seli zilezile, na kila seli uipe namba ya hatari. Orodhesha visababishi kimoja kimoja:

- Sumu, iwe ya risasi au ya mizoga.
- Nyaya za umeme. Kondori wa kwanza kuachiwa waligongana nazo kiasi kwamba vijana wakaanza kufundishwa vizimbani kuziogopa, kwa nguzo za bandia zinazowapa mshtuko mdogo wanapotua.
- Mitambo ya upepo, barabara, moto.
- Watu wanaokamata au kuua kwa makusudi.

Kwa tumbusi wetu wa Afrika Mashariki, kisababishi cha kwanza kwenye orodha ni sumu ya mizoga. Fisi au simba anakula ng'ombe, mfugaji anatia dawa ya wadudu kwenye mzoga ili amlipize, na tumbusi wanaanguka kwa makumi juu ya mzoga huo mmoja. Hakuna satelaiti itakayokuonyesha mahali hapo. Nilijifunza hilo nikiwa nimetandaza ramani iliyochapwa juu ya bati, chini ya mgunga, na wazee wa wafugaji wameizunguka. Mzee mmoja aliiangalia kimya kwa muda mrefu, kisha akaomba kalamu. Akachora mduara kwenye korongo moja ambalo kwangu lilikuwa kijani tupu. "Hapa," akasema, "mvua za kwanza zikinyesha, ng'ombe hunywa huku, na fisi hungoja pale." Kisha akachora wa pili, na wa tatu. Miduara ile mitatu ilibadilisha jibu la modeli kuliko kazi yangu yote ya miezi miwili kabla yake.

Chapa ramani kubwa. Nenda na kalamu za rangi. Wasalimie watu, kaa chini, uliza wanyama wao wanaliwa wapi na lini. Usianze kwa kuuliza nani anatia sumu.

Hatua ya 5: Chagua ukubwa wa seli

HexSim hutumia seli zenye pembe sita, RangeShifter hutumia za mraba. Kanuni ni moja: seli iwe ndogo kuliko kitu kidogo unachotaka modeli ikione. Kama ardhi ya hatari ina upana wa kilomita 5 na seli zako ni za kilomita 10, umeichanganya na hifadhi na kuifuta. Lakini usikimbilie seli za mita 30 kwa sababu tu picha za satelaiti ziko hivyo. Kondori anaweza kuruka zaidi ya kilomita 200 kwa siku moja. Kompyuta yako itakesha.

Anza na seli kubwa, uone modeli inapumua, kisha punguza ukubwa kwa nusu. Jibu lisipobadilika, rudi kwenye kubwa.

Hatua ya 6: Wafundishe ndege kuhama

Unahitaji mambo matatu: nani anahama (mara nyingi ni vijana kabla ya kuzaa), anaenda umbali gani, na anasimama kwa sababu gani. Kama kuna ndege waliofungwa vifaa vya GPS mahali pengine duniani, tumia umbali wao. Usiweke wastani peke yake. Weka na wale wachache wanaokwenda mbali sana, maana ndio wanaoanzisha makundi mapya.

Angalia yaliyotokea Uskoti. Kuanzia 1975 hadi 1985, tai wa mkia mweupe 82 waliletwa kutoka Norwei na kuachiwa katika kisiwa cha Rum. Kinda wa kwanza kuruka porini alipatikana 1985, na hakuwa Rum. Alikuwa kisiwa cha Mull. Ndege hawasomi mpango wako. Ramani yako isiishie mpakani mwa hifadhi. Iende mbali kadiri kijana mwenye safari ndefu kuliko wenzake anavyoweza kufika.

Hatua ya 7: Panga mwaka wa modeli

Andika kwenye daftari matukio ya mwaka mmoja kwa mpangilio: kuongeza umri, kuachia ndege wapya, vijana kuhama, kupata eneo na mwenzi, kuzaa, vifo, kuhesabu. Mpangilio una uzito. Ukihesabu kabla ya vifo utapata idadi kubwa kuliko ukihesabu baada yake, nawe utadhani mradi unafanikiwa. Chagua mpangilio mmoja, uandike, usiuguse tena katikati ya kazi.

Hatua ya 8: Weka mpango wa kuachia

Sasa ndiyo lile swali la "wangapi". Tena kwa mkono kwanza. Tuseme unaachia vijana 6 kila mwaka, wenye umri wa mwaka mmoja. Mwaka wa kwanza wa ugeni ni mgumu, kwa hiyo waishi 75 kati ya 100. Miaka minne inayofuata 90 kati ya 100. Wanaofika umri wa kuzaa ni karibu nusu: 0.49. Ukitaka wakubwa 20, yaani jozi 10, unahitaji kuachia kama 41. Kwa 6 kila mwaka, hiyo ni miaka 7, na bado hujahesabu wakubwa watakaokufa huku unawasubiri wadogo wao. Waambie hivyo wafadhili mapema. Tumbusi ndevu wa milima ya Alps walianza kuachiwa 1986 nchini Austria. Kinda wa kwanza kuruka porini alipatikana 1997, upande wa Ufaransa. Miaka 11.

Tengeneza mipango mitatu au minne ya kulinganisha: eneo A peke yake, eneo B peke yake, yote mawili nusu kwa nusu, na mpango wa kuongeza ulinzi dhidi ya sumu bila kuongeza ndege. Huo wa mwisho usiuache. Mara nyingi ndio unaoshinda.

Na kundi unalochukulia ndege, nalo liwekee modeli. Ndege mdogo mwimbaji wa Shelisheli alikuwa amebaki kama 26 katika kisiwa cha Cousin mwaka 1968. Kisiwa kilipohifadhiwa walijaa, hadi vijana wengi wakakosa eneo la kuzalia wakabaki kusaidia wazazi. Mwaka 1988 wakachukuliwa 29 kwenda kisiwa cha Aride, na nafasi walizoziacha Cousin zilijazwa ndani ya muda mfupi mno, nyingine ndani ya saa chache. Pale kuchukua hakukuumiza kitu, kwa sababu kundi lilikuwa limejaa. Ukichukua 29 kutoka kundi linaloshuka, unafungua kaburi la pili.

Hatua ya 9: Weka majanga

Mwaka 2023 homa ya mafua ya ndege iliua kondori 21 katika kundi la Arizona na Utah kwa majuma machache. Mwaka 2020 moto wa Dolan ulipita katika makazi yao ya Big Sur, kwenye pwani ya California, na kuua wengine. Modeli isiyo na majanga huchora mstari laini unaopanda, na kila mtu anafurahi. Weka janga la nadra: tuseme uwezekano wa 3 kati ya 100 kila mwaka, likiua ndege 20 kati ya 100. Kisha tazama kama ndege wanapona wakiwa wote sehemu moja. Hapo ndipo utaona faida ya kuwa na makundi mawili yaliyotengana, hata kama kila moja ni dogo. Mwaka 2022 kondori walirudishwa katika ardhi ya Wayurok, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa California, baada ya kukosekana huko kwa zaidi ya miaka 100; kundi hilo la kaskazini liko mbali na majanga ya kusini.

Hatua ya 10: Endesha mara nyingi, kisha soma kwa unyenyekevu

Kila mara unapoendesha, bahati inarusha karata upya. Marudio 100 ni ya majaribio tu. Kundi likitoweka mara 20 kati ya 100, jibu halisi linaweza kuwa popote kati ya 12 na 28. Ukiendesha mara 1000 na likatoweka mara 200, ni kati ya 17.5 na 22.5 kwa kila 100. Kwa hiyo mpango wenye 20 na mwenzake wenye 24 kwa marudio 100 haina tofauti unayoweza kuisimamia mbele ya watu.

Soma tofauti kati ya mipango, usiisome kama utabiri. Ukiona modeli inasema "mwaka wa 50 kutakuwa na ndege 143", ifunike hiyo 143. Kinachofaa ni kwamba mpango B umeushinda mpango A katika kila dhana uliyojaribu.

Halafu tikisa namba moja moja, juu na chini, ndani ya mipaka unayoiamini: vifo vya wakubwa, vifo vya vijana, mafanikio ya kiota, umbali wa kuhama. Inayobadilisha mpango unaoshinda ndiyo utakayoitafutia pesa ya kwenda kuipima porini. Zisizobadilisha kitu, ziache zilivyo.

Mambo yakikwama

*Ndege wote wanakufa ndani ya miaka 10.* Rudi kwenye hesabu ya mkono. Kama kwa mkono pia wanakwisha, modeli haijakosea. Kama kwa mkono wanaishi, tafuta kifo kilichohesabiwa mara mbili: mara nyingi umeweka vifo vya kawaida vyenye sumu ndani yake, kisha ukaongeza ramani ya sumu juu yake.

*Idadi inapanda bila kikomo.* Umesahau kuweka idadi ya jozi ambazo seli inaweza kubeba, au ndege wanazaa bila kuwa na eneo.

*Ndege wanarundikana ukingoni mwa ramani.* Ramani ni ndogo, au ukingo umewekwa kama ukuta. Panua ramani, au waruhusu wanaovuka watoke na uwahesabu kando.

*Marudio yote yanatoa jibu lilelile hadi tarakimu ya mwisho.* Namba ya kuanzishia bahati nasibu imefungwa. Ifungue.

*Hakuna anayezaa ingawa ndege ni wengi.* Angalia jinsia. Ukiachia wachache kwenye eneo kubwa, majike na madume hawakutani, na hiyo inaweza kuwa habari ya kweli kuhusu mpango wako. Jaribu kuwaachia karibu karibu kabla ya kubadilisha namba.

*Kompyuta inachukua siku nzima.* Ongeza ukubwa wa seli, punguza miaka kutoka 200 hadi 60, endesha marudio 20 ya majaribio. Marudio 1000 yaache usiku wa mwisho.

*Watu wa eneo wanasema ramani ni ya uongo.* Wape kalamu. Wakimaliza, rudi hatua ya 4, ingiza miduara yao, endesha upya, kisha uwapelekee ramani mpya ikiwa imechapwa, wakaione kabla hujaituma kwa mtu mwingine yeyote.